Nani Aliyeimba Nyimbo za Franco?

Mpenzi wa rumba wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura akiombwa ataje wimbo mmoja tu wa Franco, yule mwanamuziki wa Kongo, huenda akataja "Mabele". Wimbo huo ulitoka mwaka 1974, na jina lake kwa Kilingala maana yake ni ardhi, ile ardhi tunayoikanyaga na ambayo siku moja itatufunika. Ni chaguo zuri, ila lina kasoro moja: Franco hakuutunga wimbo huo, wala si yeye aliyeongoza uimbaji wake. Maneno na muziki ni vya Simaro Lutumba, mpiga gitaa la ridhimu ambaye wasikilizaji wengi wa Afrika Mashariki wangepishana naye barabarani bila kumtambua. Sauti ni ya Sam Mangwana, mwimbaji aliyezaliwa Kinshasa kwa wazazi wenye asili ya Angola, ambaye wakati huo hakuwa na muda mrefu tangu ajiunge na OK Jazz, bendi ya Franco.

Msikilizaji huyo hana kosa. Redioni alimsikia mtangazaji akisema kwamba huyo alikuwa Franco na OK Jazz, na kwenye jalada la santuri aliliona jina la Franco kwa herufi kubwa, huku jina la mtunzi likiwa limechapwa kwa herufi ndogo kwenye duara la karatasi lililobandikwa katikati ya sahani, mahali ambapo jicho hufika tu pale mtu anapotaka kujua upande upi ni A na upi ni B. Zaidi ya hapo, wengi wetu tuliozisikiliza nyimbo hizo hatukuwa tunakijua Kilingala, na mtu asiyeielewa lugha ya wimbo hukosa msaada mkubwa wa kuzitofautisha sauti za waimbaji watatu au wanne wanaopokezana. Sauti zote huwa za mtu mmoja, na mtu huyo ni yule ambaye jina lake linajulikana.

Makala haya hayakusudii kumpunguzia Franco chochote. François Luambo Makiadi, aliyezaliwa mwaka 1938 Sona-Bata, eneo la Kongo ya Chini, na kufariki mwaka 1989, ni mmoja wa wanamuziki wakubwa kabisa waliowahi kutokea Afrika, na asingehitaji kutetewa na mtu yeyote. Kinachohitaji kufafanuliwa ni maana ya maneno "wimbo wa Franco", kwa sababu ndani yake yamefungwa mambo ambayo hayalingani. Mtu anaweza kuwa mtunzi wa wimbo bila kuuimba. Anaweza kuuimba bila kuutunga. Anaweza kuwa kiongozi wa bendi iliyoupiga, akakaa pembeni siku unaporekodiwa, na bado wimbo ukaitwa wake. Tena anaweza kuwa mmiliki wa vyombo, wa lebo na wa ukumbi, yaani mtu ambaye bila fedha zake wimbo usingefika sokoni kabisa. Katika miaka tofauti ya maisha yake Franco alikuwa kila mmoja wa watu hao, na mara nyingine alikuwa wote kwa pamoja, na hapo ndipo hesabu inapovurugika.

Tuanze na mtu ambaye si rahisi kumwona akitajwa nje ya vitabu vya historia ya rumba: Paul Ebengo, maarufu kama Dewayon. Baba yake Franco, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alifariki mapema, na mama yake akaitunza familia kwa kuuza maandazi katika soko la Ngiri-Ngiri mjini Léopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa. Inasimuliwa kwamba mtoto huyo alijitengenezea gitaa la kopo na nyaya na kulipiga karibu na meza ya mama yake ili kuwavuta wateja. Mambo yangeweza kuishia hapo, kama yanavyoishia kwa watoto wengi wenye magitaa ya makopo. Lakini Dewayon, kijana aliyemzidi umri kidogo na aliyekuwa na gitaa la kweli, alimfundisha kushika nyuzi, akamchukua katika kikundi chake cha Watam, na pamoja na mpiga gitaa Albert Luampasi akamwonyesha jinsi mtu anavyoweza kula kwa muziki. Dewayon aliendelea na safari yake mwenyewe, akaunda bendi zake, na mdogo wake, Johnny Bokelo, akawa mwanamuziki mashuhuri. Hata hivyo mwalimu huyu hutajwa kwa sentensi moja tu katika maisha ya mwanafunzi wake.

Wa pili ni Henri Bowane. Yeye tayari alikuwa na jina, kwa kuwa alikuwa amepiga gitaa katika "Marie-Louise" ya Wendo Kolosoy mwaka 1948, wimbo unaotajwa mara kwa mara kama mlango wa rumba ya kisasa ya Kongo, na wengi humhesabu miongoni mwa waliolipa sebene nafasi yake: ile sehemu ambapo uimbaji unapungua, magitaa yanachukua usukani na wachezaji wanaanza kazi yao hasa, sehemu ambayo wanamuziki wa dansi wa Tanzania huiita chemko. Bowane alifanya kazi katika studio ya Loningisa, iliyomilikiwa na mfanyabiashara Mgiriki Basile Papadimitriou, na huko ndiko Franco alikopelekwa akiwa kijana mdogo. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 15, alirekodi nyimbo zake za kwanza kwa lebo hiyo. Bowane ndiye aliyemfupishia jina François likawa Franco. Kwa maneno mengine, hata lile jina linalowafunika wengine wote lilitoka kinywani mwa mmoja wa hao waliofunikwa.

Ni vizuri kusimama kidogo kwenye hiyo studio ya Mgiriki, kwa sababu utaratibu wake ulikuja kuamua mengi baadaye. Léopoldville ya miaka ya 1950 ilikuwa na wafanyabiashara kadhaa wa Kigiriki waliouza vitambaa na bidhaa mchanganyiko, kisha wakagundua kwamba santuri nazo zinauzika. Mfanyabiashara alikuwa na mashine za kurekodi, magitaa, ngoma na saksafoni. Mwanamuziki alikuwa na mikono na sauti yake tu. Alipewa mkataba, akapewa gitaa la kutumia, akalipwa kwa kazi, na wanamuziki waliokuwa chini ya lebo moja walichanganywa na kuchanganuliwa kadiri wimbo ulivyohitaji. Kikundi kilichorekodi leo kingeweza kuwa na sura nyingine kesho. Katika mazingira hayo swali la "wimbo huu ni wa nani" halikuwa na uzito mkubwa, kwani kwa upande wa fedha jibu lilijulikana: ni wa mwenye mashine.

OK Jazz ilizaliwa kutokana na mchanganyiko huo. Wanamuziki wa Loningisa waliokuwa wakipiga pamoja studioni walianza kutumbuiza katika baa ya Oscar Kashama, na herufi za jina la mwenye baa, O na K, ndizo zilizoipa bendi jina lake mwezi Juni 1956. Miongoni mwa waanzilishi walikuwamo Jean-Serge Essous, mpuliza klarineti na saksafoni aliyeiongoza bendi mwanzoni, mwimbaji Philippe Lando aliyeitwa Rossignol, yaani yule ndege anayesifiwa kwa kuimba usiku, mpiga besi Daniel Loubelo aliyejiita De La Lune, mpiga tumba Saturnin Pandi, mwimbaji Vicky Longomba, na Franco mwenyewe, aliyekuwa hata hajatimiza miaka 18. Kumwita kijana huyo mwenye bendi wakati ule kungekuwa kichekesho. Alikuwa mpiga solo mwenye kipaji ndani ya kundi la watu wazima waliokuwa na ujuzi wao.

Je, ilikuwaje bendi ya kundi ikawa bendi ya mtu mmoja? Sehemu ya kwanza ya jibu haina mbwembwe yoyote: wenzake waliondoka, yeye akabaki. Kadhaa wa waanzilishi walikuwa wenyeji wa Brazzaville, ng'ambo ya pili ya mto, na lebo shindani iliwavuta wengine kwa masharti bora. Essous na Rossignol waliingia Rock-a-Mambo, na ilipofika mwaka 1959 Essous, Pandi na De La Lune walikuwa Brazzaville wakiianzisha Bantous de la Capitale, bendi ambayo hadi leo ni fahari ya Kongo-Brazzaville. Mwanzoni mwa mwaka 1960, viongozi wa Kongo walipokwenda Brussels kujadili uhuru wa nchi yao, Joseph Kabasele wa African Jazz alisafiri na wanamuziki wa kuwaburudisha, na kati ya aliowachukua walikuwamo wawili kutoka OK Jazz: Vicky Longomba na mpiga besi Brazzos. Hao walishiriki kuurekodi "Indépendance Cha Cha", wimbo ulioenea Afrika nzima mwaka ule. Sidhani kama kuna ushahidi bora wa ubora wa watu waliokuwa wakimzunguka Franco kuliko huo: mshindani wake mkuu alipotaka watu wa safari muhimu kuliko zote, alikwenda kuwachagua katika bendi ya Franco.

Vicky alirudi, na katika miaka ya 1960 aliiongoza OK Jazz sambamba na Franco kwa kiasi ambacho wasikilizaji wa leo hawakijui, kisha akaondoka. Jina lake limedumu Afrika Mashariki kwa njia ya pembeni. Mwanawe Awilo Longomba ndiye yule aliyetingisha kumbi za dansi miaka ya mwisho ya 1990. Mwanawe mwingine, Lovy, aliimba na Super Mazembe nchini Kenya, na watoto wa Lovy ndio wale vijana wawili wa Nairobi waliojulikana kama Longombas. Vizazi vitatu vya ukoo mmoja vimechezewa dansi kutoka Kinshasa hadi Nairobi, na bado babu, aliyekuwa miongoni mwa walioiunda sauti ya OK Jazz, hutambulishwa kama aliyewahi kuimba na Franco.

Pengo la walioondoka lilizibwa na wengine, na hapa ndipo kipaji kisichosifiwa vya kutosha cha Franco kinapoanza kuonekana: alijua kuchagua watu. Isaac Musekiwa, mpuliza saksafoni aliyetokea Rhodesia, alijiunga mwaka 1957 akitoka kwa Kabasele, na akadumu na Franco kwa miongo. Mwaka 1963 alikuja kijana mwingine wa domo la bata, yaani saksafoni, Georges Kiamuangana, anayejulikana zaidi kama Verckys, ambaye upulizaji wake ulikuwa na moto uliobadilisha jinsi vyombo vya upepo vinavyojibizana na magitaa katika bendi ile. Verckys hakuwa mtu wa kukaa kivulini. Franco alipokuwa safarini Ulaya, alirekodi nyimbo bila yeye, ugomvi ukazuka, na mwaka 1969 akaondoka na kuunda Orchestre Vévé. Baadaye akawa na lebo na studio yake, akazilea bendi za vijana kama Bella Bella na Lipua Lipua, na nyimbo za mkono wake zikapigwa sana Nairobi na Dar es Salaam. Katika orodha yote ya washirika wa Franco yeye ndiye aliyeifahamu siri mapema kuliko wengine: kipaji peke yake kinakufanya uwe mwajiriwa mzuri, na anayetaka jina lake liandikwe kwa herufi kubwa sharti amiliki mashine.

Simaro Lutumba alichagua njia tofauti kabisa, na kwa sababu hiyo anastahili nafasi ndefu zaidi katika makala haya. Alizaliwa mwaka 1938, mwaka uleule aliozaliwa Franco, akapita katika bendi ndogo za Micra Jazz na Congo Jazz, kisha mwaka 1961 akaingia OK Jazz. Hakuondoka tena mpaka Franco alipokufa. Kazi yake ya kila usiku ilikuwa gitaa la ridhimu, chombo ambacho hakuna anayekishangilia na ambacho kikinyamaza kila mtu hugundua kwamba nyumba imeondolewa nguzo. Kazi yake nyingine ilikuwa kuiongoza bendi Franco asipokuwapo, na Franco hakuwapo mara nyingi. Katika miaka ya 1970 na 1980 TP OK Jazz, kama bendi ilivyoitwa sasa (TP ni Tout Puissant, yaani yenye nguvu zote), ilikuwa na watu wengi kiasi cha kuweza kugawanywa: kundi moja lilikuwa Ulaya na Franco likirekodi na kutumbuiza, na lingine lilibaki Kinshasa chini ya Simaro likiwaburudisha watu wa nyumbani. Aliyeingia ukumbini Kinshasa usiku kama huo alikuwa amelipia kuisikia bendi ya Franco, na aliyekuwa akiiendesha alikuwa Simaro.

Kazi yake ya tatu ilikuwa kutunga, na Wakongo walimpa jina la Mshairi. Franco alikuwa mtunzi wa mtaani kwa maana bora ya neno hilo: aliimba ugomvi wa mke na mke mwenza, deni, uchawi, masengenyo, mume mvivu, na aliyasema kwa lugha ambayo kila mtu alidhani anasemwa yeye. Simaro alitazama mbali zaidi. Nyimbo zake huzungumzia kifo, upweke, ukatili wa fedha na mapenzi yanayomfundisha mtu udogo wake, na mara nyingi zimejengwa kwa mafumbo. Kwa kuwa hakuwa mwimbaji, kila alipotunga ilimpasa amtafute mtu wa kumkabidhi maneno hayo, na uchaguzi wake haukuwa wa kubahatisha: "Mabele" alimpa Mangwana, na "Maya", iliyotoka mwaka 1984 kwa jina lake mwenyewe, alimpa mwimbaji Carlito. Hivyo wimbo mmoja wa OK Jazz ungeweza kuwa na akili ya mtu mmoja, koo la mwingine, na jina la wa tatu juu ya jalada.

Ili kuelewa kwa nini mgawanyo huo wa kazi haukuonekana kama dhuluma machoni pa waliohusika, inafaa kuufungua muziki wenyewe. Rumba ya aina ile haijengwi juu ya chombo kimoja kinachobebwa na vingine. Gitaa la ridhimu hurudia kipande kifupi bila kuchoka. Gitaa la kati, ambalo Wakongo huliita mi-solo, huingiza kipande kingine kifupi katika nafasi zilizoachwa na la kwanza. Solo huja juu yao na kipande cha tatu, na katika mikono ya Franco kipande hicho kilikuwa kizito na chenye kurudiwarudiwa, akizikwanyua nyuzi mbili kwa pamoja kwa kidole gumba na cha shahada. Besi haifuati tu bali nayo inaruka na kusita. Tumba hujaza. Domo la bata na tarumbeta hujibu. Ukiondoa kipande chochote kimoja na kukisikiliza peke yake, utashangaa jinsi kilivyo kifupi na cha kawaida, maana uzuri wote umo katika jinsi vipande hivyo vinavyosukana kama ukili wa mkeka. Kwa hiyo mtu anayeusifia wimbo wa OK Jazz akidhani anamsifia mpiga solo, kwa kweli anayasifia mahusiano ya watu sita au saba waliokwisha kuzoeana mikono kwa miaka.

Sauti nazo zilikuwa na mgawanyo wake. Franco mwenyewe hakuwa na koo laini. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu anayesimulia au anayekaripia, na aliitumia kwa ustadi mkubwa, lakini rumba ilihitaji pia sauti tamu ya juu, na hiyo aliikopa kwa wengine maisha yake yote. Mangwana alikuja mwaka 1972 kutoka upande wa Tabu Ley, mwimbaji na kiongozi wa bendi shindani, jambo lililozua kelele Kinshasa kana kwamba mchezaji wa Yanga amehamia Simba. Josky Kiambukuta alifuata, kisha Ndombe Opetum, naye akitokea kwa Tabu Ley. Josky alikuwa pia mtunzi mkubwa, na nyimbo zake nyingi zinaitwa za Franco hadi kesho. Wanawake walipewa nafasi chache mno. Inashangaza, kwa bendi iliyoimba mno kwa niaba ya wanawake, kwamba msikilizaji atasubiri mpaka katikati ya miaka ya 1980 kumsikia Jolie Detta akiimba mbele katika "Massu", na hakudumu.

Mfano unaowagusa zaidi wasikilizaji wetu ni Madilu. Jean de Dieu Makiese, aliyepewa jina la Madilu System, aliingia TP OK Jazz mwaka 1980, tayari akiwa amezunguka katika bendi kadhaa bila mafanikio makubwa. Katika "Non" ya mwaka 1983 Franco alimweka mbele, na matokeo yake yakawa mtindo wa majibizano ambao uliibeba bendi kwa miaka iliyobaki: Franco anasema, Madilu analia, Franco anarudi kusuta, Madilu anapanda juu zaidi. "Mario" ya mwaka 1985 imejengwa hivyo. Inamhusu kijana msomi anayelelewa na mwanamke mwenye mali aliyemzidi umri, na Franco anazungumza kwa nafsi ya mwanamke huyo, akihesabu kila alichomfanyia. Kiswahili cha mitaani kina neno marioo kwa mwanamume wa namna hiyo, na wengi hulihusisha na wimbo huu. Si bendi nyingi za kigeni zilizotuachia neno ambalo mtu analitumia bila kujua limetoka wapi. Jaribu kuusikiliza "Mario" ukimwondoa Madilu kichwani, yaani ukibaki na karipio bila kilio, na utaona kwamba hadithi ile ingekuwa hotuba. Madilu aliendelea peke yake baada ya mwaka 1989 na akawa nyota kwa haki yake hadi alipofariki Kinshasa mwaka 2007, kwa hiyo yeye angalau hakusahaulika, ingawa hata leo huonekana kwanza kama sauti ya pembeni katika wimbo wa mwingine.

Kuna mmoja ambaye nyayo zake zinafika hadi kwetu moja kwa moja. Mose Se Sengo, aitwaye Fan Fan, alipiga gitaa katika OK Jazz tangu miaka ya 1960, na wimbo wake "Dje Melasi" ulivuma sana kwa jina la bendi. Aliondoka katikati ya miaka ya 1970, akaelekea mashariki, na Dar es Salaam akapiga na Orchestra Makassy ya Mzee Makassy. Baadaye aliishi Uingereza na bendi yake ya Somo Somo, na alifariki Nairobi mwaka 2019. Kwa hiyo vijana wa Dar waliojifunza upigaji wa OK Jazz hawakuujifunza kwenye santuri peke yake. Walikuwa naye mtu aliyeutengeneza, amesimama jukwaani mbele yao.

Na hapo Dar es Salaam utaratibu ulikuwa uleule wa studio ya Mgiriki, isipokuwa mwenye vyombo alibadilika sura. Remmy Ongala, aliyekuja kutoka Kongo kupiga na Makassy, alipata umaarufu mkubwa na Super Matimila, bendi iliyobeba jina la mfanyabiashara aliyemiliki vyombo. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na chama kilipobadili jina, bendi nayo ilibadili. Mlimani Park ilikuwa ya shirika la umma. Lakini tazama tofauti: kwa kuwa mmiliki wa Mlimani Park hakuwa mtu mwenye uso wala sauti, majina ya watunzi na waimbaji yalipata hewa, ndiyo maana Mtanzania wa umri fulani atakutajia Muhidin Gurumo, Hassan Bitchuka na Cosmas Chidumule bila kufikiri. Kinshasa ilikuwa vingine, kwa sababu mwenye vyombo na mpiga solo walikuwa mtu mmoja. Franco alijinasua kwa Papadimitriou, akaanzisha lebo zake, akajenga ukumbi wake wa Un-Deux-Trois katika Matonge, na serikali ya Mobutu ilipotwaa biashara za wageni katika miaka ya 1970 akakabidhiwa kiwanda cha kuchapa santuri cha Mazadis. Tangu hapo akawa mwajiri, mchapishaji, msambazaji na msanii. Mpiga gitaa aliyedai jina lake likuzwe kwenye jalada alikuwa akimdai bosi, mshindani na mwenye kiwanda kwa wakati mmoja.

Haki za utungaji zilikuwa chujio la mwisho. Kwa kanuni, mtunzi ndiye anayestahili malipo wimbo unapopigwa redioni au kuchapwa upya, wakati mwimbaji na wapigaji hulipwa mshahara au posho ya siku ya kurekodi na mambo yakaishia hapo. Kwa kanuni hiyo Simaro na Josky walikuwa na hadhi bora kuliko Madilu au wapiga besi, ambao mchango wao haukuwa na sanduku la kuandikiwa kwenye fomu. Na je, yule aliyebuni kipande cha sebene kinachokumbukwa kuliko ubeti wenyewe? Mara nyingi sebene iliundwa papo hapo, mazoezini, na mtu ambaye hakuna karatasi iliyomtaja. Sheria ya hakimiliki inajua maneno na tuni. Haijui kabisa la kufanya na mtu aliyeingiza kipande cha noti nne mahali panapostahili.

Pamoja na hayo, itakuwa ni kulikwepa jambo zito tukiacha kuuliza mbona bendi hizo nyingine, zilizokuwa na watu hao hao, hazikuwa OK Jazz. Verckys alikuwa na fedha na studio. Mangwana alizunguka Afrika Magharibi na kufanikiwa. Fan Fan alikuwa na gitaa lake lilelile. Wote walifanya kazi nzuri, na bado waliporudi kwa Franco, kama Mangwana alivyorudi kurekodi naye tena mwanzoni mwa miaka ya 1980, kulikuwa na kitu kilichoongezeka. Nadhani kitu hicho kilikuwa sikio. Franco aliweza kusikia kwamba koo la Madilu, ambalo bendi nyingine zilikuwa zimelipita bila kuligutukia, lilihitaji karipio la kugongana nalo, na kwamba maneno ya Simaro yalihitaji nafasi na ukimya. Kuwapanga watu wenye vipaji na majivuno yao kwa zaidi ya miaka 30, kuwalipa, kugombana nao na kuwakaribisha tena, ni kazi ya sanaa kama ilivyo kupiga solo. Ila ni kazi ambayo haiwezi kufanyika bila watu wa kupangwa.

Franco alipofariki nchini Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, bendi haikufa naye. Simaro aliiongoza, kama alivyokuwa ameiongoza kila Franco alipokuwa safarini, na mapato yakawa yanagawanywa na familia ya marehemu. Mpango huo ulidumu kama miaka minne. Mwishoni mwa mwaka 1993 pande mbili zilishindwa kuelewana, na swali ambalo muda wote lilikuwa limefichwa na uhai wa mtu mmoja likabidi lijibiwe: OK Jazz ni nini, ni jina na vyombo, au ni watu? Jina na vyombo vilibaki kwa familia. Mwanzoni mwa mwaka 1994 Simaro, Josky, Ndombe na wenzao walitoka mikono mitupu, wakatafuta magitaa mengine, na wakajiita Bana OK, watoto wa OK. Simaro aliendelea nayo kwa zaidi ya miaka 20 na alifariki Paris mwaka 2019. Usiku wa dansi, walipofika kwenye "Mabele", haikuwapasa kumwomba mtu ruhusa ya kuupiga, kwa kuwa mtunzi alikuwa amesimama palepale jukwaani, na gitaa lake la ridhimu.